Hesabu ya Vyumba Tisa

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111 wa Miladi, ametaja katika Al-Munqidh min al-Dhalal, kitabu alichosimulia humo safari yake ya kuitafuta yakini, talasimu ya vyumba tisa ambayo mwanamke aliyelemewa na uchungu wa uzazi huandikiwa juu ya vitambaa viwili visivyopata kuguswa na maji, akaitazama kwa macho yake, kisha akaiweka chini ya nyayo zake ili mtoto asikawie kutoka. Ndani ya vyumba hivyo mna tarakimu kuanzia 1 hadi 9, kila moja mara moja tu, nazo hupangwa hivi: safu ya juu 4, 9, 2, ya kati 3, 5, 7, ya chini 8, 1, 6. Zijumlishe kwa kulala, kwa kusimama au kwa mshazari, hutapata ila 15.

Imamu hakuitaja ili kuwafundisha watu uganga. Aliileta kuwa hoja dhidi ya wanafalsafa, ambao maadamu walisadiki kwamba tarakimu tisa zina taathira katika uzazi, ilhali akili haioni njia ya kuifikia taathira hiyo, hawakuwa na udhuru wa kukanusha kwamba ibada nazo zina hekima zisizodirikiwa na akili. Hoja hiyo ni ya wanazuoni, na uzazi ni wa wakunga. Ama mimi nataka kusimama penye lile 15, kwa kuwa hapo akili haikufungiwa mlango hata kidogo, na ladha iliyomo, ambayo aghalabu wauvaao mraba huu shingoni hawakupata kuionja, yapita ile ya kuambiwa tu kwamba jambo fulani ni la ajabu.

Watu wa mwambao wetu si wageni wa mraba huu, kwani walimu wa falaki huuandika katika hirizi hadi leo. Katika pembe zake zimekaa tarakimu shufwa, 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa hesabu ya abjadi ni herufi ba, dal, waw na ha. Na katika nchi za Waarabu herufi nne hizo ziliandikwa juu ya barua na vifurushi ili vifike salama. Wachina, ambao wanauita Lo Shu, husimulia kwamba ulionekana mgongoni mwa kobe aliyetoka katika mto Lo. Na Ikhwan al-Safa, wale wasomi wa Basra wa karne ya 10, waliandika katika risala zao miraba ya namna hii hadi ya vyumba tisa kwa tisa. Wote hao waliistaajabia. Tuitazame sasa kwa nini iko kama ilivyo.

Tuanze na 15 yenyewe. Jumla ya tarakimu zote kuanzia 1 hadi 9 ni 45, na safu za kulala ni tatu zilizo sawa. Basi kila moja haina budi kuwa 15. Kisha tazama chumba cha katikati, ambacho safu nne hukipitia: moja ya kulala, moja ya kusimama na mishazari miwili. Jumla ya safu nne hizo ni 60, nazo zimevipitia vyumba vyote tisa, kila kimoja mara moja, isipokuwa hicho cha katikati kilichopitiwa mara nne, yaani mara tatu zaidi ya vingine. Basi ile ziada ya 60 juu ya 45, nayo ni 15, imetokana na chumba kimoja kilichohesabiwa mara tatu ya ziada, na chumba hicho hakiwezi kuwa na tarakimu nyingine ila 5. Aliyeupanga mraba hakuipa 5 makao hayo kwa kuipenda. Hata angaliichukia, asingaliweza kuiondoa.

Hali kadhalika 1 haiwezi kukaa penye pembe. Kila chumba cha pembe hupitiwa na safu tatu, kwa hiyo 1 ikiwekwa hapo itahitaji jozi tatu mbalimbali zenye jumla ya 14. Na katika tarakimu hizi jozi za namna hiyo ni mbili tu, 9 na 5, kisha 8 na 6. Kwa hiyo 1 itakaa katikati ya ubavu mmoja, 9 iielekee kutoka ng'ambo ya 5, na 6 na 8 ziizunguke kulia na kushoto. Hizo zikishakaa, 4 na 2 hazina pa kwenda ila pembe mbili zilizosalia, na 3 na 7 huingia penye nafasi zao zenyewe. Uzungushe mraba, uutazame katika kioo, utapata sura nane. Walakini mraba ni ule ule mmoja, wala hakuna wa pili.

Hapo ndipo penye ajabu ya kweli kwa maoni yangu: kwamba wewe uliye na tarakimu tisa za kupanga, na njia 362,880 za kuzipanga, huna hiari yoyote katika jambo hili.

Ukipanua mraba ukawa wa vyumba vinne kwa vinne, hiari hurudi. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer aliuweka mmoja wa namna hiyo katika picha yake Melencolia I, kila safu ikiwa 34, na katika vyumba viwili vya kati vya safu ya chini akaweka 15 na 14, ambazo zikisomwa pamoja ni mwaka wa picha yenyewe, 1514. Mfaransa Frénicle de Bessy aliihesabu miraba yote ya vinne kwa vinne akapata 880, bila ya kuhesabu ile iliyogeuzwa tu, na hesabu yake ikachapishwa mwaka 1693, baada ya kufa kwake. Ile ya vitano kwa vitano ilimshinda kila mtu mpaka mwaka 1973, Richard Schroeppel alipoitumia kompyuta na kupata 275,305,224. Kutoka mmoja, hadi 880, hadi zaidi ya milioni mia mbili na sabini na tano: sijui mti uliopata kukua namna hiyo.

Bara la Afrika nalo lina fungu lake. Muhammad ibn Muhammad al-Fulani al-Kishnawi, mwanachuoni wa Katsina katika nchi iitwayo leo Nijeria, aliyefariki Misri mwaka 1741, aliandika kwa Kiarabu juu ya kanuni za kupanga miraba ya idadi witiri, akimsihi mwanafunzi asikate tamaa. Nusu karne kabla yake Simon de la Loubère, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa, alirudi kutoka Siam na kanuni hii nyepesi. Weka 1 katikati ya safu ya juu, kisha kila tarakimu ifuatayo uiandike chumba kimoja juu na kimoja kulia. Ukitoka nje kwa juu, ingia kwa chini. Ukitoka nje kwa kulia, ingia kwa kushoto. Na ukikuta chumba kimeshakaliwa, au ukitoka nje kwa pembe ya juu kulia, shuka chini ya tarakimu uliyoiandika mwisho. Kwa vyumba vitano kwa vitano utapata 65 kila upande, na 13 itakuwa katikati.

Wako watakaosema kwamba haya ni mchezo wa wasio na kazi. Benjamin Franklin, alipokuwa karani wa baraza la Pennsylvania, alipanga miraba ili kujiondolea uchovu wa kusikiliza hotuba, nami naona hakuutumia wakati wake vibaya kuliko waliokuwa wakihutubu.

Msomaji mwenye kalamu na ajaribu sasa mraba mdogo kuliko wote, wa vyumba viwili kwa viwili, kwa tarakimu 1 hadi 4. Hautapatikana, na burhani ya kwamba hauwezi kupatikana haizidi mistari miwili ya maandishi, basi asikubali kuambiwa na mtu kabla hajaitafuta mwenyewe.