Usimwanike Mtoto, Mpime

Kila asubuhi tunapozunguka wodi ya watoto wachanga na wanafunzi wa udaktari, swali ni lilelile: "Daktari, kwa nini mmemweka kwenye taa? Si tungemwanika tu jua la asubuhi?" Akiuliza mama aliyejifungua juzi, namweleza taratibu. Akiuliza bibi, namwamkia kwanza, kisha namweleza vilevile. Lakini siku hizi linaulizwa na akina baba wenye shahada, linaulizwa na watumishi wa afya, na zipo karatasi za rufaa zinazotufikia zimeandikwa: "Ameshauriwa jua, hakuna nafuu." Hapo uvumilivu hunishinda. Karatasi ya namna hiyo ina maana kwamba mtu aliyesomea kazi hii alimwona mtoto ana manjano, akamrudisha nyumbani bila kumpima.

Tuanze na sababu ya jua kupata sifa hii. Kati ya watoto 10 waliozaliwa kwa wakati, takriban 6 hupata manjano katika wiki ya kwanza. Kwa njiti ni 8. Wengi wao hupona bila tiba yoyote, ini likishapata nguvu ya kuondoa bilirubini, ile rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Sasa mchukue mtoto wa kundi hili, mwanike siku nne, atapona. Angepona hata kama angelala chumbani siku zote hizo, ila shukrani zinakwenda kwa jua, na shangazi anayo hadithi ya kumpa mzazi mwingine. Yule ambaye hakupona hasimuliwi kwenye kisomo cha arobaini. Ndivyo dawa isiyotibu inavyojijengea jina.

Kuna ukweli mmoja ndani ya imani hii, na watetezi wa jua huniletea huo kila mara. Mwanga wa bluu hubadilisha umbo la bilirubini iliyo kwenye ngozi, ikaweza kutoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Jambo hili lilianza kuonekana juani kwelikweli. Katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, mwaka 1956, muuguzi mmoja aliyekuwa na desturi ya kuwatoa njiti uani siku za joto aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amepauka mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyobaki manjano iliyokolea. Ilikuwa imefunikwa na pembe ya shuka. Madaktari wale wakafanya nini? Hawakuandika cheti cha jua. Walitengeneza taa, wakapima bilirubini kabla na baada, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Walijua kwamba jua halipimiki, linaunguza, na haliwaki usiku. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa leo unakataza waziwazi kutumia jua kutibu manjano.

Na tutazame basi huko kuanika kwenyewe kunavyofanyika kwetu. Saa moja asubuhi mtoto anatolewa barazani. Ana kofia, soksi, fulana, na kanga mbili juu yake. Kinachopigwa na jua ni paji la uso na mashavu, kwa dakika kumi, kisha anarudishwa ndani. Jua la saa hiyo liko chini, na sehemu kubwa ya mwanga wake wa bluu imeshatawanyika angani kabla ya kumfikia. Chini ya taa zetu mtoto amevuliwa, ana nepi na kitambaa cha kuziba macho tu. Anamulikwa mchana na usiku, na hutolewa anaponyonya. Ukitaka jua likaribie kazi hiyo itabidi umvue na umlaze nje kwa saa nyingi, na hapo utamuunguza ngozi na kumkausha maji. Njiti utamwua kwa baridi kukiwa na upepo, au kwa joto jua likipanda.

Wako watakaosema Nigeria wamefanya. Ndiyo, Lagos wamefanya, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto waliwekwa chini ya mahema ya filamu maalumu inayozuia miale ya kuunguza na kupunguza joto, kwa saa kadhaa kila siku, wauguzi wakiwapima joto mara kwa mara na maabara ikiwapima bilirubini. Hiyo ni tiba ya hospitali. Haina uhusiano wowote na baraza la nyumba yako. Habari ya vitamini D na mifupa nayo ni mada nyingine kabisa, msiniletee hapa.

Jua lenyewe la dakika kumi halimdhuru sana mtoto mzima wa mwili. Kinachomdhuru ni siku tatu anazopotezewa. Bilirubini hufika kilele siku ya tatu hadi ya tano, wakati mama ameshatoka hospitalini. Kwa desturi zetu yuko ndani, pazia limeshushwa, taa hafifu, mtoto yuko ndani ya chandarua. Nani ataiona rangi hiyo, hasa kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi? Wanasubiri jua la kesho na la keshokutwa. Bilirubini ikipita kiasi, inapenya kwenye ubongo. Mtoto analala mno, ananyonya kwa uvivu, kisha hanyonyi kabisa. Kilio kinakuwa chembamba na kikali. Shingo na mgongo vinajikunja kwa nyuma kama upinde. Jirani anasema ni degedege, na siku nyingine inaishia kwa mganga.

Akitufikia hapo, tunabadilisha damu. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 240 hivi mwilini mwake wote. Tunapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kitovu, tunavuta damu kidogo kwa bomba la sindano, tunaitupa, tunarudisha kiasi kilekile cha damu ya mchangiaji, tunavuta tena, mpaka zimepita mililita 480. Mwanafunzi mmoja anahesabu kwa sauti na kuandika kila tunachotoa na kila tunachoingiza, maana tukikosea hesabu moyo unasimama. Na mara nyingine tunamaliza salama, bilirubini imeshuka, lakini ubongo ulishaumia. Miaka miwili baadaye unamwona kliniki: hasikii, viungo vinajipinda vyenyewe, na macho yake yanakuonyesha wazi kwamba akili yake inaelewa ila mwili haumtii. Mtoto huyu alizaliwa mzima. Tiba yake ilikuwa taa ya siku mbili. Hiki ndicho kinachonikasirisha, na sitaacha kukasirika.

Kwa watu wa pwani nina neno la ziada. Malaria iliyokaa nasi kwa vizazi imetuachia upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambao huwapata zaidi watoto wa kiume. Damu ya mtoto wa namna hii inaweza kuvunjika ghafla akigusana na vitu fulani. Kimoja ni vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza mende na nondo. Nguo za mtoto zikikaa navyo miezi mitatu zikimsubiri, siku anapovishwa anaivuta na kuinyonya sumu hiyo kwa ngozi. Zifue na kuzianika vizuri kabla hajazaliwa. Bora zaidi, usiziweke navyo kabisa. Hina nayo, madaktari wa nchi za Ghuba wameshaeleza watoto waliopakwa wakavunjika damu. Mapambo yasubiri.

Maji ya glukosi nayo yaachwe. Bilirubini hutoka kwa choo, na choo cha mtoto kinatokana na maziwa. Ukimjaza tumbo maji matamu hanyonyi, na manjano yanapanda. Dawa za mitishamba za kusafisha tumbo ni vivyo hivyo.

Fanyeni hivi. Mkague mtoto kila siku kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha: bonyeza paji la uso au kifua kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki; angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku. Hudhurio la siku ya tatu lisikosekane. Mama mwenye damu ya grupu hasi aulizie sindano yake ndani ya saa 72 tangu ajifungue. Manjano yakionekana kabla mtoto hajatimiza saa 24, au yakifika viganjani na nyayoni, au akiwa njiti, au akilegea na kukataa ziwa, ni hospitali siku hiyohiyo. Yakizidi wiki mbili, hasa choo kikiwa cheupe, mlete pia: huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaa zaidi kabla ya siku 60. Akiwekwa kwenye taa, msimfunike kanga kwa huruma. Mwanga haupiti kwenye nguo.

Na mkifika kituoni ulizeni maneno haya: "Bilirubini yake ni ngapi, na kwa umri wake wa saa hizi anahitaji taa?" Mkijibiwa "mwanikeni," ombeni rufaa, mje moja kwa moja, hata kama ni saa nane za usiku.