Ramani ya Simu Kati ya Mtoni na Maskati

Kutoka Mtoni, katika wilaya ya Temeke, hadi Maskati, mji mkuu wa Oman, ni takriban kilomita 4,000 kwa njia iliyo fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Watu wa pwani yetu wamezoea kutenganishwa na bahari hiyo tangu enzi za majahazi, ambapo aliyebaki nyumbani aliingoja kaskazi imletee salamu. Leo mume afanyaye kazi Ruwi, mjini Maskati, hufungua ramani katika simu yake, akaifuata Barabara ya Kilwa hadi Kwa Azizi Ali, akaingia vichochoroni na kuliona paa la nyumba yake. Mkewe naye huitazama Ruwi, apate kujua duka la vyakula liko upande gani wa chumba apangacho mumewe. Wapo pia walioafikiana kuonyeshana mahali walipo, hata nukta ya mmoja ikaonekana saa zote katika simu ya mwenzake.

Faraja ipatikanayo hapo ni ya kweli. Lakini ramani hiyo hiyo yaweza kuleta ugomvi mkubwa nyumbani ikisomwa na mtu asiyejua ilivyotengenezwa. Yafaa basi tutenganishe vitu viwili vilivyomo ndani yake, yaani picha na nukta, kwa kuwa kila kimoja kina kosa la namna yake.

Tuanze na picha. Ramani ya dunia nzima hukatwa vipande vya mraba, na kwa desturi kila kipande huwa na vitone 256 kwa 256. Katika daraja la sifuri, dunia yote hutoshea katika kipande kimoja. Kila tupandapo daraja moja, kipande hugawanywa vinne. Tukifika daraja la 18, mzingo wa dunia kwenye Ikweta, ambao ni kilomita 40,075, huwa umegawanywa katika vitone milioni 67 na zaidi. Kwa hiyo kitone kimoja huchukua kama sentimita 60 za ardhi. Mwembe huonekana, na paa la mabati pia. Uso wa mtu hauonekani.

Picha hiyo, zaidi ya hayo, si ya leo. Setilaiti au ndege iliipiga siku moja isiyokuwa na mawingu, pengine miaka kadhaa iliyopita, na mara nyingine mitaa miwili inayopakana huonyeshwa kwa picha za miaka tofauti. Ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Kilwa ulianza mwaka 2019 na kuibadili sana sura ya barabara hiyo. Aliyeko ng'ambo aweza kuwa anautazama mtaa ambao mkewe hapiti tena.

Majina ya vichochoro hayatoki angani. Mwaka 2011 wanafunzi na wakazi waliichora Tandale kwa miguu yao, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi kuchora kata nyingine za jiji katika ramani ya OpenStreetMap, ambayo kila mtu aruhusiwa kuisahihisha. Shabaha yao ilikuwa mafuriko: walitafuta mifereji na mabonde. Lakini kazi ya namna hiyo humfaidi pia aliye mbali, maana huweza kulikuta jina la mtaa wake limeandikwa mahali palipokuwa patupu.

Sasa tuitazame nukta, ambayo ndiyo yenye hatari. Simu husikiliza mawimbi ya redio kutoka setilaiti zizungukazo dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti hutangaza saa yake. Simu hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani na kuugeuza kuwa umbali. Setilaiti nne zahitajika: tatu kwa mahali, na ya nne kwa kuirekebisha saa ya simu yenyewe, kwani kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Mahali palipo wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Chini ya paa la mabati, ambayo huyazuia mawimbi hayo, simu hulazimika kukisia kwa kutumia minara ya simu na mitambo ya intaneti iliyo jirani, na kosa laweza kuwa mamia ya mita.

Kwa sababu hiyo, aghalabu nukta huzungushiwa duara hafifu. Katika simu za Android, nusukipenyo cha duara hilo hukadiriwa ili kuwe na uwezekano wa asilimia 68 kwamba simu imo ndani yake. Maana yake ni kwamba, hata makadirio yakiwa sahihi, karibu mara moja katika kila mara tatu simu iko nje ya duara. Mke aliyelala nyumbani kwake Mtoni aweza kuonekana ng'ambo ya Mto Kizinga usiku wa manane. Tena simu ikizimika, nukta yaweza kubaki ilipoonekana mara ya mwisho. Kumtuhumu mtu kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma.

Kwa maoni yangu, picha kuukuu huwafaa wapendanao kuliko nukta mpya. Picha huwalazimu kuulizana: je, ule mwembe bado upo? Nukta hutazamwa kimya kimya.

Darasa lenye simu moja laweza kulipima kosa hili. Simameni penye mlingoti wa bendera, mwandike latitudo na longitudo mara 20, kila baada ya dakika moja. Kisha mrudie mkiwa darasani chini ya bati. Hapa kwetu tofauti ya digrii 0.00001 ni sawa na mita 1.1 hivi. Wekeni alama hizo kwenye karatasi ya grafu, mchore duara lizingiralo alama 14, na mlilinganishe na lile lililochorwa na simu.