Mkalimani wa Diski Ndiye wa Kulaumiwa

Umezuka mtindo katika shule na afisi zetu, tangu Mtwapa hadi Malindi na ng'ambo ya mto Sabaki, wa kuihukumu kompyuta kwa umri wake. Ikichelewa kufungua faili, huambiwa imezeeka, ikatupwa stoo na zabuni ya kununua mpya ikatangazwa. Tangu kampuni ya Microsoft ikomeshe huduma zake za kawaida kwa Windows 10 mnamo tarehe 14 Oktoba, 2025, hukumu hiyo imepata kisingizio kipya. Nashikilia kwamba si chache kati ya kompyuta hizo zinazoonewa.

Huenda chanzo cha uzito wake kikawa programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Jina hilo limetupotosha. Likitajwa, msikizaji humwona dereva wa matatu aliyeshika usukani, ilhali kazi yenyewe ni ya ukalimani: kupokea amri za mfumo mkuu wa kompyuta na kuzifasiri kwa lugha inayofahamika na diski.

Wakazi wa hapa wanaujua ugumu wa ukalimani. Mto Sabaki umelipa jina kundi la lugha linalojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Mgiriama na Mpokomo wakikutana, huokoteza maneno ya asili moja, lakini mazungumzo ya kina huwalemea. Ndivyo ilivyo draiva ya jumla. Diski ya SATA iliyowekwa katika hali ya zamani ya IDE hupewa amri moja moja. Katika hali ya AHCI, ikiwa ina uwezo huo, hupokea foleni ya amri hadi 32 na kuzipanga ili kichwa chake kisihangaike huku na huko.

Windows XP ilitoa mfano ulio dhahiri zaidi. Diski za waya bapa za enzi hiyo zilipeleka data moja kwa moja kwenye kumbukumbu kwa njia ya DMA, nyingine kwa kasi ya hadi megabaiti 100 kwa sekunde. Mfumo ulipohesabu makosa sita ya upokezi, ulishusha kasi ngazi kwa ngazi hadi njia ya PIO, megabaiti 17 hivi, ambamo prosesa yenyewe hubeba data kama hamali. Kisa chaweza kuwa waya uliolegea au pini zilizoliwa na kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Dawa ilikuwa kubadilisha waya, kuifuta draiva ya mkondo huo na kuiwasha kompyuta upya.

Tahadhari ni lazima. Nakili faili zako kwanza, kwa maana kugeuza IDE kuwa AHCI bila kuiandaa Windows kwaweza kuizuia isiwake. Diski inayogongagonga imekwisha. Hakuna mkalimani wa kuifufua. Na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama haufai kuachwa wazi kwenye intaneti. Linux nyepesi yaweza kuchukua nafasi yake.

Basi walimu wakuu na wakuu wa afisi wasitie sahihi hati ya kutupa kompyuta kabla fundi hajaandika ni kipi hasa kilichoharibika. Fedha za vitabu zisizikwe stoo kwa sababu ya neno lililofasiriwa vibaya.