Damu Inapoganda Ndani ya Mishipa ya Wazee

Mtu akijikata kwa kisu, damu huacha kutoka kwa msaada wa chembe sahani. Hizi ni chembe ndogo sana za damu ambazo hushikamana na kuziba jeraha. Kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu.

Uzeeni, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, kisukari au mvuta sigara, mishipa hukakamaa na kuchubuka ndani. Chembe sahani hushikamana hapo kama penye jeraha, na damu huganda. Ikiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Mzee akipinda mdomo au mkono ukilegea ghafula, msiseme amerogwa. Wala msimpe aspirini nyumbani: huenda mshipa umepasuka, na aspirini huzuia chembe hizo kushikamana, damu ikazidi kuvuja. Mpelekeni hospitali saa ile ile.