Siku ya Mashine Huisha Saa Sita Usiku

Tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo mwaka 2025, maduka yanayokesha yameleta swali ambalo zamani halikusumbua watu: siku ya biashara huishia wapi? Kwa desturi yetu siku hugeuka kwa jua, na usiku wa leo huitwa usiku wa kuamkia kesho. Mashine ya EFD haifuati desturi hiyo. Kwake tarehe hubadilika saa 6:00 usiku, nayo huandika 00:00.

Tuchukue mfano wa muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo. Tarehe 31 Januari, saa 5:40 usiku, anamuuzia mteja robota moja. Saa 6:20 anauza jingine. Katika daftari lake yote mawili ni mauzo ya usiku mmoja. Kwa mashine, la kwanza ni la Januari, na ritani yake ya Kodi ya Ongezeko la Thamani hutakiwa ifikapo tarehe 20 Februari. La pili ni la Februari, na ritani yake husubiri hadi tarehe 20 Machi. Akijaza ritani kwa kufuata daftari, hesabu yake itatofautiana na ile ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imekwisha kuipokea. Hapo ndipo maswali huanza, na tunajua maswali ya kodi yalivyowahi kufunga maduka ya Kariakoo Mei 2023.

Mashine hizi, zilizoanza kutumiwa na waliosajiliwa katika kodi hiyo mwaka 2010, hupeleka taarifa za mauzo TRA zenyewe kwa njia ya mtandao wa simu. Wajibu wa mfanyabiashara ni kutoa risiti kwa kila mauzo na kutoa ripoti ya Z kila baada ya saa 24. Ripoti hiyo hufunga hesabu ya siku: jumla ya mauzo na kodi yake. Anayetaka kuchungulia tu mauzo yalipofikia, bila kufunga, hutoa ripoti ya X. Kwa duka linalokesha, ushauri wetu ni kufunga hesabu kabla tu ya saa 6:00 usiku, hata kama wateja wamejipanga mlangoni, wasubiri kidogo.

Mtandao ukikatika, kama inavyotokea katika maduka ya chini ya ardhi, taarifa hubaki katika kumbukumbu ya mashine na kwenda mtandao unaporejea. Lakini mashine iliyozimwa na kufungiwa kabatini haipeleki chochote. Ikiharibika, wakala aliyeiuza na ofisi ya TRA waarifiwe mara moja, na mauzo ya kipindi hicho yaandikwe kwa mkono ili yaingizwe itakapotengenezwa.

Wenye waajiriwa wasichanganye tarehe: kodi ya mishahara hutakiwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, siyo 20. Na kungoja jioni ya siku ya mwisho ni kujitafutia taabu, kwa kuwa wengine wengi nao wameingoja jioni hiyo hiyo.

Mnunuzi naye aitazame risiti kabla ya kuondoka dukani. Mfanyabiashara wa mkoani anayefunga mzigo usiku wa mwisho wa mwezi atahesabiwa manunuzi kwa tarehe iliyochapwa pale juu.