Kistari Kifupi na Mhakiki: Maana Mbili za Neno "Post-colonial"

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha kazi ya mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyeihakiki tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein kwa mtazamo wa baada-ukoloni. Nilimnyima alama. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Vita vya Maji Maji vilipiganwa 1905 hadi 1907. Huo ni ukoloni, si baada ya ukoloni!" Hakulalamika. Baadaye, nilipochunguza chimbuko la istilahi hiyo, nilibaini kuwa aliyekosea ni mimi. Makala hii inalenga kumwepushia mwalimu mwenzangu kosa kama hilo.

Istilahi yetu imetokana na neno ambatano la Kiingereza linaloandikwa kwa namna mbili: "post-colonial", lenye kistari kifupi, na "postcolonial", lisilo nacho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanahistoria walilitumia neno hilo kurejelea kipindi kilichofuata uhuru. Kwa maana hii, Kenya iliingia kipindi hicho tarehe 12 Disemba 1963. Kistari hapa ni kama mpaka: ukoloni upande huu, uhuru upande ule.

Wahakiki wa fasihi waliipanua maana hiyo. Aghalabu, wanaoliandika neno bila kistari hurejelea hali na fikra zilizozaliwa na ukoloni, pamoja na upinzani dhidi yake, bila kujali tarehe ya kupandishwa kwa bendera. Hata hivyo, tusidhani kuwa kistari pekee kinaamua maana. Bill Ashcroft, Gareth Griffiths na Helen Tiffin, katika The Empire Writes Back (1989), walikitumia kistari, ilhali walijumuisha utamaduni wote ulioathiriwa na ukoloni tangu ulipoanza hadi wakati wao. Naye Anne McClintock, mwaka 1992, aliihoji istilahi yenyewe: je, twaweza kusema "baada" ilhali athari za ukoloni hazijaisha?

Kiswahili nacho hakijaepuka suala hili. Sote twajua kuwa "mwana wa maji" si sawa na "mwanamaji". Maneno yakiungana, kiunganifu hudondoka na maana mpya huzaliwa. Vivyo hivyo, "baada ya ukoloni" hutaja wakati tu. "Baada-ukoloni" na "ubaadaukoloni" ni majina ya nadharia. Mimi nililisoma la pili kana kwamba ni la kwanza.

Turejee kwa Kinjeketile. Matukio yake ni ya enzi ya Wajerumani, lakini tamthilia ilichapishwa miaka minane baada ya Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961. Mwandishi analichukua tukio lililosimuliwa sana na watawala, analisimulia upya kwa Kiswahili, na kumpa Mwafrika nafasi ya kunena na kutenda. Hiyo ndiyo shughuli ambayo nadharia hii huichunguza. Mwanafunzi wangu alikuwa ameliona hilo.

Linganisha na Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora. Mkoloni ameondoka Tomoko, lakini Mtemi Nasaba Bora anawadhulumu raia na kujitwalia ardhi. Kiwakati tuko baada ya ukoloni. Kihali, ukoloni umebadilisha sura tu. Hapa maana zote mbili zinahitajika, na mwanafunzi anayezitenganisha ataujadili uongozi mbaya kwa kina zaidi.

Mwalimu anaposahihisha, asikimbilie kutazama tarehe za matukio. Aulize kwanza: mwanafunzi anataja wakati au anataja mtazamo? Akitaja mtazamo, adaiwe ithibati kutoka katika matini. Pia tukubaliane darasani juu ya tahajia moja na kuizingatia.

Yule mwanafunzi alikwisha kumaliza shule nilipong'amua haya. Alama zake sikuweza kumrudishia. Wanaomfuata bado wako mbele yetu.