Rufaa na Siku Zake Kumi na Nne

Mtu akihukumiwa kifungo na hakimu wa Kilifi, jamaa zake aghalabu hutoka mahakamani na majonzi, wakarejea Takaungu au Ganze kushauriana, wakangoja nakala ya hukumu ndipo watafute wakili. Na madhara huanzia hapo, kwa kuwa kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kimeweka muda wa siku 14 tangu adhabu kutolewa, wala siku hizo hazingoji nakala. Mahakama Kuu yaweza kuipokea rufaa iliyochelewa kwa udhuru wa maana, na kukosa nakala ni mojawapo ya nyudhuru zilizotajwa na sheria yenyewe. Lakini yanini kuomba hisani ilhali haki ilikuwa mkononi? Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza ombi lake la maandishi, naye hulifikisha.

Rufaa hiyo ya kwanza, ambayo kwa watu wa Kilifi aghalabu husikizwa Malindi, ndiyo yenye uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika kesi ya Okeno, mwaka 1972, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilibainisha kwamba mkata rufaa anastahili ushahidi wote upimwe upya na jaji afikie rai yake mwenyewe, huku akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi wala hakuzisikia sauti zao. Jaji basi husoma maandishi ya hakimu. Na swali ambalo shahidi hakuulizwa siku ile, ni nadra kupata jawabu huku juu.

Aliyekiri kosa mbele ya hakimu hana rufaa juu ya hatia, ila juu ya kiasi na uhalali wa adhabu tu. Na anayelalamikia adhabu ajue, kabla hajatia saini, kwamba jaji ana uwezo wa kuipunguza na kadhalika wa kuizidisha. Nimeona ni dhuluma mtu kutoambiwa hilo mapema.

Kesi iliyoanzia kwa hakimu ikipanda tena hadi Mahakama ya Rufaa, husikizwa mambo ya sheria peke yake, na kifungu cha 361 kimeuhesabu hata ukali wa adhabu kuwa nje ya hayo. Kama shahidi aliweza kweli kumtambua mtu usiku kwa mwanga wa koroboi, hilo la kubishaniwa ni Malindi.